Sura ya 6: Ukishatupa Karata

"Kanuni nazijua. Hesabu nimejifunza. Mbona saa ya kwanza nacheza kwa akili, na ikifika saa ya nne natoa chipu kama mtu aliyefumbwa macho?"

Swali hili huulizwa kwa namna nyingi, na wengi wanaoliuliza wanakuwa wameshajitafutia dawa: kahawa, miwani ya giza, vipokea sauti masikioni, kuvuta pumzi kwa kuhesabu. Dawa zote hizo zinalenga ile dakika ambayo mchezaji ana karata mkononi na fedha ziko katikati ya meza. Dakika hiyo haihitaji dawa. Fedha zako zikiwa hatarini akili huja yenyewe bila kuitwa. Hata aliyekuwa anasinzia hukaa wima. Umakini hupotelea kwingine, mahali ambapo watu wengi hawapahesabu kuwa sehemu ya mchezo: pale unapokuwa umeshatupa karata zako na unangoja wenzako wamalize.

Sura hii yote inahusu muda huo.

Mchezo wa kukaa bila kucheza

Tuanze na asiyejua mchezo wenyewe. Texas Hold'em ndiyo aina ya poka inayochezwa zaidi duniani. Kila mchezaji hugawiwa karata mbili ambazo ni siri yake. Kisha karata tano hufunuliwa katikati kwa ajili ya wote: tatu kwa mpigo, halafu moja, halafu ya mwisho. Katika kila hatua wachezaji huweka dau kwa chipu, vile visahani vya rangi vinavyosimama badala ya fedha. Anayetaka kubaki hulipia dau la mwenzake, anayejiamini hulipandisha, asiyetaka hutupa karata na kukaa kando. Mzunguko mzima, tangu karata zigawiwe hadi mtu achukue fungu lililokusanyika katikati, tutauita mgao. Fungu huenda kwa mwenye karata tano bora, au kwa yule aliyewafanya wengine wote watupe zao.

Sasa hesabu ambayo filamu hazionyeshi. Kwenye meza ya kasino yenye watu 9, saa moja hutosha migao 25 hadi 30 hivi. Mchezaji mwangalifu huingia takriban katika mgao mmoja kati ya minne au mitano. Iliyobaki huitupa mara tu anapoiona, kwa kuwa karata zake ni mbovu. Kwa hiyo katika saa nzima anacheza mara sita au saba, na nyingi kati ya hizo huishia njiani. Ree mbili, ambazo ndizo karata bora kabisa za kuanzia, humjia mtu kwa wastani mara moja katika migao 221. Kwa mwendo wa migao 30 kwa saa, utakaa zaidi ya saa saba ili uzione mara moja, na hakuna aliyekuahidi kwamba siku hiyo utapata wa kukulipa.

Kuchoshwa na poka, kwa hiyo, si dalili kwamba una tabia mbaya. Kuchosha kumo ndani ya mchezo wenyewe. Anayecheza kila mgao ili asichoke hufilisika, na anayetupa kwa nidhamu hubaki na robo tatu ya usiku mzima bila kazi ya mikono. Ndipo simu inapotoka mfukoni.

Saa isiyo na namba

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ndege za Uingereza zilipiga doria baharini zikitafuta nyambizi za Wajerumani kwa rada. Waliokaa mbele ya vioo vya rada walikuwa vijana waliofunzwa, wenye macho mazima, na walijua fika kwamba nyambizi moja ikiwaponyoka meli ya wenzao inaweza kuzama. Hata hivyo ishara ziliwapita. Zilionekana kwenye kioo, mbele ya macho yao, na hawakuziona.

Mwanasaikolojia Norman Mackworth, aliyekuwa akifanya kazi Cambridge, aliunda kifaa cha kulichunguza jambo hilo. Kilikuwa uso wa saa usio na namba, wenye mshale mmoja unaoruka hatua moja kila sekunde. Mara chache, bila mpangilio wa kutabirika, mshale uliruka hatua mbili kwa mpigo. Kazi ya aliyeketi mbele yake ilikuwa moja tu: kutoa ishara kila aonapo mruko huo wa mara mbili. Kazi hiyo aliifanya kwa saa mbili. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1948, yalionyesha kwamba uwezo wa kuuona mruko ulishuka mapema kabisa, ndani ya nusu saa ya kwanza.

Nusu saa! Hapo hatuzungumzii uchovu wa usiku wa manane. Waliopimwa walikuwa ndiyo kwanza wameanza kazi. Kilichowashinda ni aina ya kazi: kutazama kitu kisichobadilika kwa kungojea jambo linalotokea kwa nadra.

Mchezaji anayekaa mezani akingojea ree mbili amejikalisha mwenyewe mbele ya saa ya Mackworth. Kila baada ya dakika mbili anainua ncha za karata zake, anaona saba na mbili, anatupa, anangoja. Hata awe na nia ya chuma, akili yake itatoka nje. Lakini kuna tofauti moja kubwa, na ndiyo inayomwokoa. Askari wa rada hakuwa na kitu kingine cha kutazama kwenye kioo. Mezani kuna watu wanane, na kila baada ya sekunde chache mmoja wao anafanya uamuzi. Ukibadili kazi yako kutoka kungojea karata kuwa kufuatilia watu, jambo lililokuwa adimu linakuwa jambo la kila mara. Akili haitoroki tena kwa sababu ina kazi.

Kilichompita mwenye simu

Tuuone mgao mmoja kwa karibu. Umetupa karata zako, na jirani yako wa kushoto amefanya vivyo hivyo. Yeye amefungua simu. Wewe umeangalia meza.

Wamebaki wawili: kijana mwenye kofia na dada mwenye miwani. Kijana alipandisha dau tangu mwanzo, dada akalipia, na fungu lina chipu 40 hivi. Zinafunuliwa karata tatu: mfalme wa shupaza, nane ya kopa, tatu ya uru. Kijana anaweka 20, dada analipia. Fungu 80. Karata ya nne ni nne ya pao. Kijana anaweka 55, dada analipia. Fungu 190. Karata ya mwisho, sita ya pao. Mkono wa mgawaji haujatoka hata juu ya karata, kijana ameshasukuma chipu 190, sawa na fungu lote.

Dada anakaa kimya. Anaziangalia tena karata zake, anazirudisha chini, analipia. Kijana anafunua ree na malkia wa kopa: hana hata jozi. Dada ana mfalme na kumi, jozi ya wafalme. Anavuta fungu la chipu 570.

Mgao huo ulichukua kama dakika mbili na haukukugharimu chochote. Ulichokipata ni hiki. Kijana mwenye kofia hutishia nyau hadi karata ya mwisho, haishii njiani. Tishio lake la mwisho lilikuwa kubwa na la haraka. Mara moja haitoshi kuwa ushahidi, lakini inatosha kuweka alama kichwani na kungoja ya pili. Na dada mwenye miwani hatishiki: akiwa na jozi ya maana atalipia mpaka mwisho, hata karata yake ya pili ikiwa ya wastani. Kumdanganya huyo ni kutupa fedha. Ukiwa na karata nzuri dhidi yake, weka dau kubwa kwa amani.

Saa moja baadaye una mfalme na ghulamu, mfalme mwingine amefunuliwa mezani, na yule kijana anakuwekea madau matatu yaleyale. La mwisho ni 190 kwenye fungu la 190. Hesabu yenyewe ni nyepesi: unatoa 190 ili upate 380, kwa hiyo unatakiwa uwe sahihi mara moja tu katika tatu ili usipate hasara. Hiyo kila aliyesoma kitabu cha poka anaijua. Kitabu hakiwezi kukwambia kijana huyu hudanganya mara ngapi katika tatu. Kuijua hesabu bila kumjua mtu ni nusu ya kazi, na nusu ya pili iligawiwa bure saa moja iliyopita, wakati jirani yako akitazama video za mpira.

Karata zako hazina haraka

Kuna tabia ndogo ambayo wachezaji wazoefu hufundishana na wageni huiona ya ajabu: usitazame karata zako zinapogawiwa. Ziache zimelala hadi zamu yako ifike. Hazitabadilika. Wakati huo tazama wenzako wanavyotazama za kwao. Mmoja huangalia na papo hapo macho yake hukimbilia chipu zake. Mwingine huangalia mara mbili. Wa tatu ameshazishika kwa namna ya mtu anayetaka kuzirusha kabla hata zamu haijafika. Ukiona wawili wanaokaa baada yako wameshajiandaa kutupa, unaijua meza kabla haijaongea.

Faida ya tabia hii si taarifa peke yake. Inakupa kazi kwenye kila mgao, ule utakaocheza na ule utakaotupa, kwa hiyo inaua ule usubirifu mtupu ulioelezwa juu.

Je, lazima umfuatilie kila mtu? Hapana, na anayejaribu huchoka upesi. Konda wa daladala iliyojaa anajua nani kalipa na nani bado bila kuwakodolea macho abiria wote kwa pamoja; anakwenda kiti kwa kiti. Mezani chagua wawili kwa nusu saa. Waliokaa kushoto kwako ndio wa kuanza nao, kwa sababu wao huamua baada yako na ndio watakaokusumbua zaidi. Jiulize kuhusu kila mmoja: anaingia migao mingi au michache? Anapolipia, anafunua karata za namna gani? Dau lake kubwa lilimaanisha nini mara ya mwisho? Baada ya nusu saa hamia kwa wengine wawili.

Mwanasaikolojia asiyejua karata

Maria Konnikova, mwandishi wa Kimarekani aliyezaliwa Moscow, ana shahada ya uzamivu ya saikolojia kutoka Chuo Kikuu cha Columbia. Alipoamua kujifunza poka ili aelewe mpaka kati ya bahati na uwezo, hakujua hata seti ina karata ngapi. Alimwomba Erik Seidel amfundishe. Seidel ni mtu wa kimya, mmoja wa wachezaji walioshinda fedha nyingi zaidi katika historia ya mashindano, na watu wengi wasiocheza poka wamemwona bila kumjua: mgao alioshindwa na Johnny Chan kwenye fainali ya dunia ya mwaka 1988 umo katika filamu ya *Rounders*.

Mtu angetarajia mwalimu wa namna hiyo aanze na majedwali ya uwezekano. Konnikova anaeleza katika kitabu chake cha mwaka 2020, *The Biggest Bluff*, kwamba somo lililorudi tena na tena lilikuwa kuangalia: kuwa macho mezani, kuuliza kwa nini fulani amefanya alichofanya, kutoridhika na jibu la kwanza. Januari 2018 alishinda shindano Bahamas na kuondoka na zaidi ya dola 84,000. Alikuwa mwanafunzi wa muda mfupi sana kwa viwango vya mchezo huu.

Sitaki msomaji achukue mfano huo kama ahadi. Konnikova alikuwa na mwalimu ambaye wengi hawawezi kumpata, na alijifunza kwa kutwa nzima, kazi yake ikiwa ni hiyo. Lakini mpangilio wa masomo yake unafaa kuigwa: kutazama kulikuja pamoja na hesabu, hakukungoja hesabu ziishe.

Simu na kikundi cha harusi

Kwenye mashindano mengi sheria inakataza kushika simu ukiwa na karata hai mbele yako. Sheria hiyo ipo kuzuia udanganyifu. Ukishatupa, simu ni ruksa. Yaani kanuni zinailinda dakika ile isiyohitaji ulinzi na kuuacha wazi muda wote uliobaki.

Wachezaji hujitetea kwamba wanaangalia simu kidogo tu, kisha wanarudi. Tatizo ni kwamba mwili unarudi peke yake. Watafiti wa kazi za ofisini walishaonyesha kwamba mtu anapohama kutoka shughuli moja kwenda nyingine, sehemu ya mawazo hubaki kule alikotoka, hasa kama aliiacha kazi haijakamilika. Tuyaite mabaki ya mawazo. Chukua mfano wa ujumbe wa WhatsApp kwenye kikundi cha kamati ya harusi: "Ndugu wajumbe, tunaomba wale ambao hawajakamilisha ahadi zao." Umeusoma kwa sekunde tano. Karata zinagawiwa, unaweka simu kifudifudi, unacheza. Lakini ndani kabisa unaandika jibu. Je, nimwambie mwenyekiti mwisho wa mwezi? Shemeji ataona jina langu? Kijana mwenye kofia amepandisha dau, na wewe hukuona alipandisha zamu yake ikiwa ya ngapi.

Video ya kuchekesha ina nafuu, kwa sababu huisha. Ujumbe unaodai jibu hauishi. Ndiyo maana kuzima sauti hakutoshi. Simu ikae kwenye mkoba au koti, mahali ambapo lazima unyanyuke kuifikia, na isomwe wakati wa mapumziko. Kama kuna mgonjwa nyumbani au mtoto hajarudi, basi siku hiyo si ya poka.

Wanaocheza kwenye intaneti wana mtego mwingine. Huko karata hugawiwa kwa kasi, migao 60 au zaidi kwa saa kwenye meza moja, na bado watu huchoshwa, kwa hiyo hufungua meza mbili, nne, nane. Kwa mtaalamu ambaye maamuzi yake mengi yameshakuwa mazoea, hiyo ni biashara. Kwa anayejifunza ni kufuta kila kilichosemwa kwenye sura hii: huwezi kumjua mtu yeyote kwenye meza nane. Fungua moja, na ukurasa mwingine wowote ufungwe.

*Kwa ufupi hadi hapa:* poka inachosha kwa maumbile yake. Akili haivumilii kungoja jambo adimu. Dawa ni kuipa kazi ya kufuatilia watu, hasa ukiwa umeshatupa. Na simu huharibu kazi hiyo hata baada ya kuwekwa chini.

Mambo madogo ya mwili

Haya ni mepesi na yanajulikana, kwa hiyo nitayapitia haraka.

- Kinywaji cha bure. Kasino za Las Vegas huwapa wachezaji pombe bila malipo. Hazitoi kwa ukarimu.
- Muda. Kumbi nyingi hazina saa ukutani wala madirisha. Vaa saa ya mkono.
- Chakula. Sinia la pilau kabla ya kuketi litakulaza saa moja baadaye. Kula kidogo kabla, na karanga au tunda wakati wa mapumziko.
- Muziki masikioni. Wengi wanaupenda. Mimi naushauri uachwe: sauti ya mtu anapotaja dau, na jinsi anavyonyamaza ghafla katikati ya maongezi, ni sehemu ya yale unayolipia kiti ili uyapate.

Maongezi na jirani ni jambo jingine kabisa, na walimu wengi wamekosea kuyaweka kapu moja na simu. Mtu anayeongea nawe anakueleza habari zake. Atakwambia ametoka kazini moja kwa moja, kwamba jana alipoteza, kwamba karata fulani humletea nuksi. Ongea naye, macho yakiwa mezani.

Mgao uliopita

Kishawishi kikubwa kuliko simu hakina skrini. Ni mgao uliokwisha.

Chukua ree mbili dhidi ya wafalme wawili, fedha zote zimeingia kabla karata za katikati hazijafunuliwa. Ree zitashinda takriban mara 82 katika 100. Ni kati ya nafasi nzuri za kuomba kwenye mchezo huu, na bado zile 18 lazima zimwangukie mtu. Leo zimekuangukia wewe. Mfalme wa tatu katokea kwenye karata ya mwisho, na chipu za saa tano zimeondoka.

Wachezaji huiita tilti hali inayofuata: uamuzi wa mtu unashikwa na jazba badala ya akili. Watu huidhania kuwa ni kupiga meza na kutukana mgawaji. Hiyo ni ya wachache. Tilti ya kawaida ni ya kimya. Mtu anatupa karata kwa adabu, anakunja uso kidogo, halafu kwa migao kumi inayofuata anaurudia ule mgao kichwani: ningepandisha zaidi mwanzoni, angeogopa? Wakati huo meza inaendelea na yeye hayupo. Ushindi mkubwa nao huleta tilti ya namna yake. Aliyepata fungu kubwa huanza kuona kila karata inafaa kuchezwa, na hakuna anayemwonya, kwa sababu anacheka.

Linalosaidia ni utaratibu uliowekwa kabla, ukiwa bado mtulivu. Uandike mgao kwenye kijitabu, mistari mitatu: nani, karata gani, dau gani. Ukishaandikwa, akili haina tena haja ya kuushikilia, utauchambua kesho. Kisha simama. Kwenye meza ya fedha taslimu unaweza kukaa nje ya migao kadhaa bila hasara ya maana. Kwenye mashindano huna uhuru huo, kwani dau la lazima, lile linalotolewa kwa zamu kabla hata karata hazijaonekana, litaendelea kukatwa kwenye chipu zako. Huko ngoja mapumziko. Kwenye shindano kuu la dunia linalofanyika Las Vegas kila mwaka, lenye ada ya kuingia dola 10,000, wachezaji hupumzishwa dakika 20 kila baada ya saa mbili. Nenda ukumbini uone: nusu yao wamesimama wawili wawili wakisimuliana jinsi walivyoonewa na karata. Hakuna anayemsikiliza mwenzake. Kila mmoja anangoja zamu ya kusimulia. Wanarudi mezani wakiwa wamechoka zaidi kuliko walivyotoka. Waliotembea peke yao hadi nje na kurudi wana nafuu.

Fedha yenye jina

Jambo linalofuata huwekwa mwisho na walimu wengi, ingawa bila hilo yote yaliyotangulia hayana kazi. Mtu aliyeketi na fedha ya kodi ya nyumba hawezi kuwa makini, hata afanyeje. Kila dau kwake lina jina: hii ni ada ya mtoto, hii ni umeme. Anapotakiwa kulipia kwa sababu hesabu inamruhusu, mkono unagoma. Anapotakiwa kutupa, anang'ang'ania kwa sababu hawezi kukubali kwamba ada imekwenda. Hapo hakuna mbinu ya kuvuta pumzi itakayomsaidia.

Na ijulikane kwamba kasino haigawi karata kwa hisani. Hukata sehemu ya kila fungu au hutoza muda, kwa hiyo wachezaji wote wa meza, wakijumlishwa, huondoka na kidogo kuliko walichokuja nacho. Wengi wanapoteza, makini wakiwemo. Fedha ya kuchezea ni ile ambayo ikiisha yote leo, kesho nyumbani hapabadiliki kitu. Kuna wasomaji ambao imani yao inakataza kamari moja kwa moja, na kwao mjadala huu umefungwa. Mchezo wenyewe unachezeka kwa maharage, na kila kitu kuhusu macho na karata zilizotupwa kinabaki vilevile.

Utajuaje kwamba umeshatoka mezani?

Shida ya umakini ni kwamba anayeupoteza hajui. Aliyesinzia hasemi "nimesinzia". Kwa hiyo unahitaji kipimo cha nje kisichotegemea unavyojisikia, na kipo kimoja rahisi. Kila mgawaji anapobadilishwa, jambo ambalo kwenye kasino nyingi hutokea kila nusu saa hivi, jiulize maswali mawili:

1. Nani alichukua fungu la mwisho ambalo karata zilifunuliwa?
2. Alikuwa na karata gani, na aliyeshindwa alikuwa na gani?

Usijiulize kuhusu mgao uliocheza wewe. Huo utaukumbuka hata ukiwa hoi. Uliza kuhusu mgao uliotupa. Ukijibu yote mawili, endelea. Ukishindwa mara moja, chagua watu wawili na uanze upya kuwafuatilia. Ukishindwa tena mgawaji anayefuata anapoketi, mwombe trei, panga chipu zako, na uende kwenye dirisha la malipo kuzibadilisha, hata kama ndiyo kwanza saa tatu usiku na hata kama kiti chako ndicho kilichokuwa kinashinda.